Mtaalamu wa Uyoga wa Ukweni

Kipo kijitabu kinachoeleza uyoga wa misitu ya vilima vya upande wetu, na katika ukurasa wake wa mwisho nimeshukuriwa kwa jina langu kamili, bila kosa hata la herufi moja, kama mtaalamu wa jadi. Maishani nimekuwa karani wa stoo katika kiwanda cha samaki, nimekuwa katibu wa kwaya, nimekuwa balozi wa nyumba kumi. Vyeo hivyo vyote nilivipata kwa kujua jambo fulani, walau kidogo. Utaalamu wa jadi ndio cheo pekee nilichopewa kwa kutojua chochote, na ndicho pekee kilichopigwa chapa.

Kwetu mwanaume haokoti uyoga. Hakuna aliyekataza, lakini mwanaume akionekana anatoka porini na kikapu cha uyoga, watu watamsimamisha wamuulize mke wake anaumwa nini. Mimi nilizaliwa upande wa Misungwi, nikachunga ng'ombe wa baba yangu mpaka nilipoingia sekondari, na baada ya kidato cha nne nikahamia mjini, Kirumba, nikaanza kuandika lebo za makasha ya samaki. Uyoga niliujua ndani ya bakuli tu, umeungwa kwa karanga, hauna tena kichwa wala mguu. Nimeula kwa zaidi ya miaka arobaini bila kuutazama usoni.

Mke wangu ndiye aliyeujua. Kwao ni ng'ambo ya maji. Ukivuka Busisi unaingia ndani kidogo mpaka kwenye vilima vyenye msitu wa hifadhi. Kule wana utaratibu wao. Ikiwapo shughuli wakati wa mvua, iwe harusi au msiba, wanawake huingia msituni asubuhi, na wakirudi vikapu vyote humwagwa juu ya mkeka mmoja. Hakuna anayepika alichookota mwenyewe. Mwanamke mmoja huvua viatu, hukaa mkekani, na kuupitisha uyoga mmoja mmoja mkononi mwake. Anaouweka kulia unakwenda jikoni, anaouweka kushoto unakwenda shimoni. Haulizwi kwa nini. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe wangu, na macho yake yalipochoka akamwachia mke wangu, ingawa wakati huo alikuwa ameshaolewa na kuhamia Mwanza. Tangu hapo, kila penye shughuli walimpigia simu, na sufuria zilimsubiri avuke. Nimewahi kuona watu mia moja wenye njaa wamekaa kimya, wanamtazama mwanamke mmoja ananusa uyoga. Hakuwa na cheo kingine kijijini kwao, na hakukitaka.

Nayasema haya mapema ili ieleweke nilichokuwa nacho ndani ya nyumba yangu siku yule binti wa chuo kikuu alipokuja kutafuta mtu wa kumsaidia.

Alikuwa amepanga chumba kwa jirani yetu. Alikuwa mtafiti, kijana, mpole, mwenye shikamoo ya kweli, si ile ya kutupiwa ukiwa umeshapita. Alikuwa akikusanya sampuli za uyoga wa porini katika misitu ya milimani, na sasa alikuwa amefika kwenye vilima vyetu. Alihitaji mtu anayeujua msitu ule na mwenye mwandiko unaosomeka. Mimi nilikuwa nimestaafu, na mwandiko wangu ulikuwa unakaa bure.

"Msitu ule ni wa ukweni," nikamwambia. Hilo lilikuwa kweli. Niliwahi kupita kando yake nikipeleka ng'ombe wa mahari.

Akaniuliza kama na uyoga wake naujua. Nikamwambia mtu aliyekula uyoga wa msitu mmoja kwa miaka arobaini hawezi kukosa kuujua. Akaniuliza kama kuna akina mama wanaoweza kufuatana nasi, maana alikuwa amesoma kwamba mara nyingi wao ndio wenye ujuzi. Nikamjibu kwamba wakati wa mvua akina mama wana kazi nyingi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Nikitazama nyuma naona kwamba mazungumzo yale hayakuwa na uongo mkubwa ndani yake. Yalikosa tu mtu mmoja, ambaye wakati huo alikuwa uani anaanika dagaa, na alisikia kila neno.

Tukaanza kazi. Daraja lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo kila siku ya kazi tulivuka kwa kivuko alfajiri na gari lake, tukarudi mchana na sampuli zetu. Kazi yenyewe niliipenda. Ilikuwa kazi ya stoo, ila stoo yenyewe ilikuwa na miti. Uyoga ukionekana hauguswi. Kwanza unapigwa picha pale ulipoota, na rula kando yake. Kisha unachimbwa kwa kisu kutoka chini kabisa, maana sehemu iliyozama udongoni huenda ndiyo inayoutambulisha. Unanuswa. Unapasuliwa mmoja katikati na kungojewa, uonekane kama nyama yake inageuka rangi. Unaandikwa umeota chini ya mti gani. Unafungwa ndani ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki unatoa jasho na kuoza. Halafu unapewa namba, na hapo ndipo nilipoingia mimi na kalamu yangu. Lebo zangu zilikuwa nzuri mno. Binti alisema hajawahi kuona lebo nzuri kama zile, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikazidi kurefusha mikia ya herufi.

Tatizo lilikuwa kwenye fomu. Fomu ilikuwa na nafasi mbili ambazo ni za mwenyeji kuzijaza: jina la kienyeji, na kama uyoga huo huliwa au hauliwi.

Uyoga wa kwanza ulikuwa mwekundu wa kutu, mweupe kwa chini. Binti akachuchumaa, akanitazama kwa ile heshima yake, kalamu imesimama. "Huu mnauitaje, mzee?"

Mtu mwingine angesema ngoja nikaulize nyumbani. Mimi nilitazama ile rangi, na kitu cha zamani kikanijia mdomoni. Katika lugha yetu ng'ombe hatajwi kwa kuelezewa. Kila mchanganyiko wa rangi una jina lake. Mwekundu mwenye tumbo jeupe ana jina, mweusi mwenye paji jeupe ana la kwake, wa kijivu mwenye madoa kama ya kanga naye ana lake. Hayo ndiyo mambo niliyoyajua kabla sijajua kusoma. Nikamtajia jina la ng'ombe mwekundu mwenye tumbo jeupe. Akafurahi sana. Akaniomba nilirudie polepole, akaliandika, akanisomea nimsahihishe. Nikamsahihisha.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeingiza msituni zizi zima la marehemu baba yangu, pamoja na ndama.

Ile nafasi ya pili niliijaza kwa utaratibu wangu mwenyewe. Wenye harufu mbaya nilisema hauliwi. Wa rangi kali nilisema hauliwi. Uliopendeza nilisema huliwa. Karani wa samaki hupokea mzigo kwa macho na pua, na mimi niliona utaratibu ule unatosha.

Siku ya tatu au ya nne tukaukuta mweupe. Uliota peke yake chini ya mti mkubwa, safi kama shuka jipya, una pete shingoni kama ya bibi harusi. Binti alipouchimba, mguu wake ulikuwa umesimama ndani ya kikombe cheupe kilichojificha udongoni.

"Vitabu vyangu vinasema tuogope wenye kikombe namna hii," akasema. "Lakini kuna mahali wenyeji wanakula jamii yake, na wanajua kuutenganisha. Ninyi hapa mnasemaje, mzee?"

Alinitazama. Nimejitahidi sana, miaka hii, kukumbuka kama nilikuwa na mashaka. Nilikuwa nayo. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuweka kitabu chake kando ili anisikilize mimi.

"Huu ni mtamu," nikasema. "Tunaula tangu utoto."

Akaandika: huliwa.

Sampuli tulizikausha kibarazani kwangu, ndani ya sanduku la mbao lenye nyavu na jiko la mkaa wa moto hafifu chini yake. Mke wangu alikuwa akipita na ndoo, akipita na ufagio, na kila mara akipita alipunguza mwendo. Siku moja akauliza tumeokota nini huko kwao. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akaomba atazame. Nikamweleza kwamba utaratibu wa kukausha hauruhusu sanduku kufunguliwafunguliwa, jambo ambalo nililitunga papo hapo. Akasimama mbali kidogo, akavuta pumzi.

"Kuna mmoja humo si mzuri," akasema.

"Hatuli," nikamjibu. "Tunakausha."

Akaenda zake. Alikuwa amenipa nafasi ya kuuliza, na mimi nilimpa jibu la mtu mwerevu. Majibu yangu ya mtu mwerevu nayakumbuka yote. Ni kama makovu, ila haya nilijikata mwenyewe nikicheka.

Binti akamaliza kazi, akarudi chuoni kwake na masanduku yake. Zaidi ya mwaka ukapita. Daraja likafunguliwa. Ndipo akanipigia simu kunijulisha kwamba anatengeneza kijitabu kwa ajili ya vijiji vilivyo kando ya msitu, chenye picha kubwa, watu wajue upi wa kula na upi wa kuacha, na kwamba kabla hakijachapishwa ataleta rasimu kijijini ili wenyeji waihakiki. Akaniomba nihudhurie kama mgeni wa heshima. Nilipomwambia mke wangu, alisema naye atakuja, ni kwao.

Kikao kilifanyika kwenye ofisi ya kijiji. Wanaume walikuwa wachache. Uyoga si habari yao. Wanawake walijaa mabenchi, wengi wao wakimwita mke wangu shangazi, wakimpigia magoti kumsalimu. Kwenye ukuta binti alikuwa amebandika picha za uyoga, moja moja, na chini ya kila picha jina la kienyeji kwa herufi kubwa.

Alianza kuyasoma majina. Alikuwa ameyakariri, akayatamka vizuri kuliko wajukuu zangu. Alipotaja la kwanza, kikohozi kikasikika. La pili, mtu akajifunika uso kwa kanga. La tatu, ofisi nzima ikaangua kicheko. Mdogo wake mke wangu, shemeji yangu, ambaye kwa desturi ana ruhusa ya kunitania na hajawahi kumwachia mwingine aitumie, alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Huyo wa madoa," akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "anatoa maziwa kiasi gani kwa siku?"

Binti hakujua lugha yetu. Alidhani ni ule mzaha wa watu walioona vitu vyao vimeandikwa, akacheka nao, mwenye furaha kabisa. Wazee wawili wa kike walikuwa wakinitazama kwa macho ya huruma, kama mtu anavyomtazama mkwe aliyeangusha bakuli. Wangeweza kuniumbua. Hawakufanya hivyo, kwa sababu mkwe ni mkwe, na aibu yake humwangukia binti yao. Majina wakayaacha yapite. Mimi nilikuwa nimeanza hata kutabasamu, nikidhani nimeponea hapo.

Kisha binti akafika kwenye picha ya mwisho katika safu ya wenye kuliwa. Ulikuwa ule mweupe.

Kicheko kikakatika. Wanawake hawakumtazama binti, wala hawakunitazama mimi. Walimtazama mke wangu, kama wanavyomtazama akiwa mkekani. Naye alikuwa amekaa kando yangu, mikono mapajani. Akaniinamia sikioni, akasema kwa lugha yetu, polepole, bila hasira:

"Utasema wewe, au niseme mimi?"

Nilikuwa na muda. Hilo nataka lijulikane. Sikukurupushwa. Ilipita nafasi ya kutosha mtu kusimama, kukohoa na kusema, mabibi, hapa nilikosea. Badala yake nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, nilivinunua kwa ajili ya kikao.

Mke wangu akasimama. "Mwalimu, huo mweupe unaua," akasema. "Utoe hapo. Mzee wangu hana kosa. Aliniuliza mimi nyumbani, na mimi ndiye niliyemjibu vibaya. Nimekaa mjini mno, nimeanza kuchanganya."

Binti akamshukuru kwa moyo wote. Akamwambia kukosea ni kawaida, hasa umri ukienda, na ndiyo sababu ya kuhakiki. Akaubandua ule mweupe, akauhamishia kwenye safu ya sumu, akachora mstari mwekundu. Halafu, kwa adabu zote, akaomba mtu mwingine apitie naye zile picha nyingine za wenye kuliwa, mtu ambaye bado anaingia msituni mara kwa mara. Akamshika mke wangu mkono, akamwambia apumzike. Mke wangu akatoka nje, akakaa kwenye jiwe mpaka walipomaliza, akiangalia barabara. Mimi nilibaki ndani na soda yangu ya mgeni wa heshima.

Tulirudi kwa gari la abiria. Zamani kivuko kingetupa muda wa kusimama kando ya vyuma tukatazamana. Daraja lilitupitisha juu ya maji kabla sijapata sentensi ya kwanza. Karibu na Usagara ndipo nikamwambia, "Usingesema vile."

"Ungesema wewe," akanijibu, akaendelea kutazama dirishani.

Kijitabu kikatoka. Binti alinitumia nakala mbili. Mke wangu alisoma mpaka darasa la nne na husoma kwa kidole. Aliketi nacho uani, akakipitia ukurasa kwa ukurasa, akitulia kwenye picha. Alipofika kwenye shukrani, kidole kikapita juu ya jina langu, kikapita juu ya jina la shemeji yangu, aliyesaidia kuhakiki, kikafika chini kwenye karatasi tupu. "Picha wamepiga vizuri," akasema, akanirudishia.

Hapo dhamiri ikanisukuma kidogo, kiasi cha kuniinua mpaka kwenye simu. Nikampigia binti. Nikamweleza kwamba mke wangu hakuniambia kitu, kwamba yeye ndiye mjuzi, kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kwa upole.

"Mzee, ninyi wa zamani mnapendana," akasema. "Mama alishakiri mwenyewe mbele ya watu, na wewe bado unamsitiri. Nimeguswa sana."

Ningeweza kumwambia habari za ng'ombe. Hapo angeniamini mara moja. Lakini majina yalikuwa yameshachapishwa, nikajiambia kwamba hayamuui mtu, nikamtakia heri na kukata simu. Kisha nikajihesabu kuwa nimeshatubu. Kama toba ingekuwa ni kupiga simu, ningekuwa mtakatifu, maana siku ile nilimaliza salio lote.

Mvua zilizofuata, kaka yake mke wangu alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa. Tulivuka asubuhi. Turubai lilikuwa limefungwa kwa ajili ya wageni, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wamesharudi kutoka msituni. Mkeka ulikuwa umetandikwa, uyoga umemwagwa. Mimi nilipewa kiti upande wa wanaume. Kutoka pale nilimwona mke wangu akienda moja kwa moja kule nyuma, kama alivyokwenda miaka yote, akavua viatu, akavishika mkononi.

Mkekani alikuwa amekaa mke wa mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mapajani mwake alikuwa amefungua kijitabu. Alikuwa akichukua uyoga, anautazama, anafunua kurasa, anaulinganisha na picha, anauweka kulia au kushoto. Alipomwona mke wangu alipiga magoti palepale.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

"Leo pumzika, shangazi," akasema, na hakuwa na ubaya wowote, hilo ndilo lililoniumiza. "Umetoka mbali. Tumepata wa kuchambua."

Wanawake wazee waliokuwa jikoni waliinamia vyungu vyao. Wao walijua tangu siku ya kikao. Hakuna hata mmoja wao aliyeamini kwamba mke wangu anaweza kuuchanganya ule mweupe. Lakini hawakuweza kusema bila kumvua nguo mkwe wao. Vijana ndio walioamini. Walisikia kwa masikio yao shangazi akikiri kwamba ameanza kuchanganya, na hakuna mtu mwenye akili anayempa chakula cha shughuli nzima mtu aliyekiri hivyo. Walikuwa na haki kabisa.

Mke wangu hakubishana. Alisema sawa, mwanangu. Alibaki amesimama ukingoni mwa mkeka, viatu mkononi, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Nikasimama. Mwanaume mmoja kando yangu akaniambia, mkwe, huko ni jikoni. Nikamjibu kwamba najua. Sijui kama nilikuwa jasiri. Nadhani nilikuwa nimechoka tu kukiona kile kijitabu kwenye mapaja ya yule mtoto. Nikazunguka nyumba nikafika kwenye mkeka, na wanawake wakainua vichwa, kwa sababu mwanaume hafiki pale.

"Siku ile ya kikao mke wangu hakukosea," nikasema. "Sikumuuliza kitu. Nilibuni mwenyewe. Hayo majina ni ya ng'ombe wa baba yangu. Na ule mweupe nilisema unaliwa kwa sababu yule binti alikuwa ananitazama kama mtu wa maana."

Shemeji yangu alikuwa anakoroga chungu. Hakugeuka. "Rudia, shemeji," akasema. "Hawa waliokaa kule mwisho masikio yao ni mazito."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nayajua maneno.

Yule kijana akatazama kijitabu, akanitazama mimi, akatafuta jina langu ukurasa wa mwisho kana kwamba anataka kulinganisha na picha. "Kwa hiyo hiki, baba?"

"Picha ni nzuri," nikasema.

Wanawake wakacheka, lakini si mke wangu. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. "Nilisimama mbele ya watu nikasema ni mimi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sasa umenifanya mwongo mbele ya watoto wa kaka yangu. Ungesema siku ile, au ungenyamaza mpaka kaburini."

Alikuwa na haki. Nilidhani nimekuja kumrudishia kitu, kumbe nilikuwa nimekuja kujitua mzigo wangu, na nimeutua miguuni pake.

Yule kijana alishainuka. Alikuwa amefunga kijitabu na kusogea pembeni, mkekani pakabaki wazi pa kukaa. Mke wangu alipatazama kwa muda mrefu. Sufuria zilikuwa zinatoa mvuke. Kisha akaweka viatu vyake chini, akakaa, akauchukua uyoga wa kwanza, akaubonyeza kwa dole gumba pale mguu unapoingia udongoni, akaunusa, akauweka kulia. Wa pili kulia. Wa tatu akautoa kwenye fungu ambalo kijana alikuwa ameshalipitisha, akaupeleka kushoto. Nikaanza kurudi nyuma polepole, nirudi kwa wanaume wenzangu.

"Wewe kaa," akasema bila kuinua kichwa.

Nikakaa. Mwanaume wa umri wangu, mkwe wa nyumba ile, miguu imekunjwa ukingoni mwa mkeka wa wanawake. Akaniinulia uyoga mmoja wa kahawia, mdogo, wenye kofia iliyopasuka pembeni.

"Huu?"

Vijana wote walisogea waone. Niliutazama uyoga ule kwa makini, nikageuza kichwa, nikaunusa hata.

"Sijui," nikasema.

Akasubiri kidogo, kama anayepima kama kuna neno lingine linakuja nyuma yake. Halikuja. Akanisogezea ungo wa uyoga mbaya, ule unaokwenda shimoni.

"Basi shika huo," akasema, "na usiutikise."

Nikaushika. Kule kwenye turubai, wanaume walikuwa wamegeuza viti vyao ili waone vizuri.